Kamba ya Kuanikia

Miaka ile maduka ya Kariakoo yalipoanza tena kujaa vitambaa vya nje, mke wangu alikatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani. Tulipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita upande wa Gerezani, nami nilishona suruali barazani. Daktari alituambia kuwa kidonda kikipona ataanza mionzi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi: mtu akiugua, wanawake humpokea kazi zote. Mmoja alimchotea maji, mwingine akampikia. Mama mwenye nyumba, mtu wa Lindi, alimfunga mkono wa upande huo kwa kanga ukaning'inia shingoni, ili usichoke. Ulikaa hivyo zaidi ya mwezi. Niliona ni wema, nikashukuru.

Siku ya mionzi, mhudumu alimlaza mezani akamwambia aweke mkono juu ya kichwa. Haukupita usawa wa bega. Mhudumu hakugomba. Alieleza kwamba mkono ukibaki chini unaziba mahali pa kutibiwa, kwa hiyo hawawezi kuanza. Alitupa wiki mbili, akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo alimsimamisha mbele ya ukuta, akamwonyesha jinsi ya kupandisha vidole polepole, mara tatu kwa siku, mpaka pale panapovuta.

Nyumbani nilitia alama ukutani kwa chaki yangu ya kushonea, pale vidole vilipofika. Siku ya nne alama mpya ilikuwa juu ya ile ya kwanza kwa upana wa vidole viwili. Nilikuwa nimenunua kitabu cha mwili wa binadamu kwa wauza vitabu wanaovitandaza chini barabarani, nikawa namsomea majina ya misuli.

"Wewe soma tu," alisema. "Mimi inaniuma bila kuijua jina."

Mwenye nyumba alitukuta mlango ukiwa wazi. "Baba, mgonjwa umemtia gwaride?"

Wanawake uani walicheka. Mama mwenyewe hakucheka. Mke wangu aliona haya, akaacha mazoezi siku mbili, akaufunga tena mkono. Alama haikupanda.

Nilimfuata mama yule jikoni, nikamwamkia, nikamweleza niliyoyasikia hospitali, bila kuongeza wala kupunguza. Nilisema mkono usipofika juu, hatapata mionzi. Aliendelea kupepeta mchele. Mwishowe aliuliza kama ni yeye aliyeuharibu. Nilimjibu kwamba sote hatukujua.

Asubuhi nilikuta kamba ya kuanikia imeshushwa mpaka usawa wa kifua. Chini yake palikuwa na beseni la kanga zilizokamuliwa vizuri.

"Njoo uanike," alimwambia mke wangu. "Na hiyo ya shingoni nipe, ni yangu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwanikia. Kila baada ya siku mbili mama aliipandisha kamba kidogo, kisha akasimama pembeni, mikono nyuma, akimzuia yeyote aliyetaka kusaidia. Mimi niliendelea na alama zangu.

Wiki mbili zilipotimia, mama alitusindikiza, akabaki kwenye benchi la nje. Mke wangu alilala mezani, akaupandisha mkono taratibu, ukatulia juu ya kichwa. Mhudumu alianza kumchora mistari ya wino kifuani, kuonyesha mahali pa kupiga mionzi.

Tulipotoka, mama aliuliza neno moja: "Umefika?"

"Umefika," mke wangu alijibu. "Ila wamesema nisiache mazoezi mpaka mionzi iishe."

"Basi kamba itabaki juu," alisema mama, akatangulia kutoka.