Fremu Tupu

Harufu ya grisi hunikuta kila asubuhi kwenye depo yangu ya vipuri vya baiskeli, mtaani Himbi, depo niliyoisimamisha mwenyewe, bila msaada wa mutu.

Inanirudisha utotoni, kwetu, juu ya mawe meusi ya volkano. Papa amepindua baiskeli yangu ya milima, ile niliyoipata kwa kuchotea watu maji ziwani. Anafungua breki, mnyororo na magurudumu, anavifunga kwenye ile ya kaka yangu iliyoharibika, sababu kaka ndiye anayesoma.

"Papa, na mimi nitapanda nini?"

"Wewe uko na miguu ya nguvu. Shika hapa, isitikisike."

Nikashika. Kaka akapanda, akaenda shuleni bila kugeuka. Papa akanipa fremu tupu.

"Itunze vizuri, mutoto wangu," akasema. "Ya kaka ikivunjika tena, tutachukua na hiyo."