Ndoo mbili za maji mlangoni kwa fundi Bakari

Jamani, mtungi wa gesi ukiisha bado unaua.

Leo asubuhi hapa Mwabungo, jirani yangu fundi Bakari alikuwa anataka kukata mtungi mkuukuu, atengeneze jiko la kuchomea samaki.

Mimi niko barazani nachagua mchele. Nikamwambia, "Fundi, si uujaze maji kwanza, gesi iliyobaki itoke?"

Akafungua koki, akanusa, akacheka.

"Dada yangu, huu mtupu tangu Ramadhani. Na mifereji imekauka wiki nzima. Maji ya kununua niyamwage humu?"

Nikarudi kwenye mchele wangu. Kusema kweli, niliona ana hoja.

Akawasha grenda ya kukatia chuma.

Kishindo kile bado kimo masikioni. Banda lake halina tena bati, fundi yuko chini, shati linawaka.

Basi maji yakapatikana. Kila nyumba ilitoka na ndoo. Bibi mmoja alileta hata maji yake ya kutawadhia.

Hakufika hospitali ya Msambweni. Tumemzika baada ya alasiri.

Wenye mafundi mitaani kwenu, waambieni leo hii.

Nimepita kwake sasa hivi. Mlangoni zimebaki ndoo mbili ambazo hatukuzitumia.

Zingetosha kuujaza ule mtungi.