Ndama Mwekundu wa Ng'ombe Weusi

Habari za kifo chake nilizipata mnadani Mhunze, nimeinama juu ya gunia la dagaa. Mama anayewaleta dagaa hao kutoka Nkome alinipimia kopo la kwanza, akasema, "Safari hii ni wachache, bibi. Yule mama aliyekuwa akituanikia kule ziwani amefariki. Tumbo lilimkamata siku nne tu." Nikamuuliza mama gani. "Yule mrefu mwenye mwanya, mchekaji. Mzaliwa wa huku huku kwenu." Nikamwambia aniongezee kopo la pili. Ndivyo nilivyo mimi, jambo likinichoma nazungumza habari ya kitu kingine. Nilifika nyumbani na dagaa wangu nikawaweka juu ya uchanja, na mpaka ninapoandika hapa sijawapika. Ule mwanya ninaujua. Ninao nyumbani kwangu, unacheka mbele yangu kila siku, mdomoni mwa mjukuu wangu.

Ninyi mnaoisoma safu hii mnajua kwamba sikusoma. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na tangu hapo nimewachosha kwa kujisifia wajukuu: huyu kafaulu, huyu kajenga, huyu ana akili kama za marehemu babu yake. Leo sina sifa za kuwapa. Mwanamke aliyekufa Nkome alikuwa mke wa mwanangu wa kwanza. Alikuja kwetu miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kwa ng'ombe weusi watupu, maana zizi letu lilijulikana kwa weusi. Siku ya tatu nilimwambia ugali wake ni mlaini kama uji wa mgonjwa. Kesho yake akausonga mpaka mwiko ukalia. Mwanangu akaubonyeza, akaniuliza, "Mayu, mama yangu, huu tule au tukandikie ukuta?" Aliyecheka wa kwanza ni yeye mwenyewe mpishi, na mimi, mama mkwe mwenye uso wa jiwe, nikajikuta nacheka. Nilimpenda. Andikeni hilo vichwani mwenu kwanza, msije mkadhani nilimfanyia vile kwa kumchukia.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, hakumaliza mwaka vidole vikaanza kuvimba. Vilivimba vikawa kama ndizi mbichi, mtoto analia ukimgusa tu. Macho yakawa manjano kama ua la boga. Akipona wiki mbili, anaugua wiki tatu. Tulimzika akiwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Akaja wa kike, mzima, mwenye nguvu ya kurusha mateke. Kisha wa tatu, wa kiume tena, na siku niliyoviona vidole vyake vimejaa niliweka chini kibuyu nilichokuwa nimeshika. Niliijua mikono ile. Sikuijulia kwa kaka yake tu. Huko nilikozaliwa, upande wa Nyarugusu, wadogo zangu wawili walikufa na mikono hiyo hiyo na macho hayo hayo. Mama yangu alinituma majani ya kuwakanda, niliyachuma mwenyewe. Niliyajua hayo yote, nikanyamaza.

Tulipomzika wa tatu, wazee wa ukoo walikwenda kwa mfumu, mpiga ramli wetu. Akapasua kuku, akatazama ndani, akasema maneno machache tu: "Ugonjwa huu umeingia na aliyekuja." Basi. Hakutaja jina. Lakini katika nyumba ya mume, aliyekuja ni nani? Watu wote pale uani waligeuza vichwa wakamtazama yeye, naye alikuwa amekaa chini, kanga yake bado ina udongo wa kaburi. Hakuna aliyenitazama mimi. Na mimi pia nilikuja! Nilikuja kwa ng'ombe kama yeye, kutoka mbali kuliko yeye, ila nilikuwa nimekaa miaka mingi mno hata watu wakasahau kwamba kulikuwa na siku sikuwapo. Neno lilipita juu ya kichwa changu likamwangukia yeye, nami niliinamisha kichwa lipite vizuri. Mume wangu aliuliza, "Mama watoto, unasemaje?" Nikasema, "Mfumu ameshasema." Mwanangu alitazama chini. Baadaye alikwenda kuchimba dhahabu, na mpaka leo akirudi haongei nami zaidi ya salamu.

Mkwe wetu akafukuzwa, na baba yake alirudisha ng'ombe. Si wote, wengine walibaki kwao kwa ajili ya yule mtoto wa kike aliyebaki kwetu, maana kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa baba. Katika waliorudi kulikuwa na ndama mmoja, mwekundu kama udongo wa kichuguu, nyuma ya mama yake mweusi tii. Shemeji yangu akasema, "Mzee, huyu mwekundu umemtoa wapi? Sisi tulikupa weusi." Baba yake, mtu aliyekuwa amekuja kumchukua binti kwa aibu, akajibu kwa upole, "Ni wa jike lenu, kwa dume mweusi vilevile. Wekundu wa bibi yake umetoka." Wazee wakacheka. Mmoja akasema ehe, kweli, bibi ya ng'ombe huyu alikuwa mwekundu, nilimkamua mwenyewe. Wakamsogeza ndama zizini, hakuna aliyemwita mchawi. Na yeye mwenye watoto wawili kaburini alikuwa amesimama hapo hapo, ana kitanda cha kamba na sufuria moja kichwani. Alinijia akapiga goti kama inavyompasa mkwe. Nilingoja anilaani. Akasema, "Mayu, mtoto asile kiporo cha mtama. Kinamharisha." Akaenda zake.

Mwanangu alioa mwingine, akazaa watano, wote wazima. Mnaona? Nilikuwa nawahesabu mbele ya watu: mnaona aliyekuwa na ubaya ni nani? Hivyo ndivyo uongo unavyopata miguu. Nilitembea nao miaka mingi, tukahamia kijiji cha ujamaa, tukaacha yale makaburi mawili kwenye mahame, na mimi bado natembea nao. Mpaka binti yangu wa kuzaa, aliyeolewa kwingine kabisa, aliponiletea mtoto wake amefungwa mgongoni. Akamfungua. Vidole, ndizi mbichi. Macho, ua la boga. Yule mkwe alikuwa ameondoka kwetu zamani, mtoto huyu hakupata hata kumwona. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Mganga msaidizi, mtu mzima wa kabila letu, alimtoboa mtoto kidole, akamtoboa mama yake, akanitoboa na mimi. Aliporudi akaniuliza, "Bibi, kwenu mnafuga?" Nikamwambia asinichokoze, Msukuma asiyefuga amemwona wapi. Akacheka. "Haya, niambie. Dume mweusi na jike mweusi wanaweza kuzaa mwekundu?" Nikamjibu, "Mara moja moja." "Anatoka wapi?" "Kwa bibi zake. Wekundu unajificha ndani, nje huuoni." Akasogeza kiti. "Unajificha kwa nani, kwa dume au kwa jike?" Hapo nikaanza kuona anakonipeleka, nikajibu polepole. "Kwa wote wawili. Ukiwa kwa mmoja peke yake, ndama hatoki mwekundu. Baba yangu alikuwa akichoshwa na ndama wekundu anaazima dume la zizi jingine, na jike yuleyule anazaa weusi." Akanitazama. "Kwa hiyo jike hakufukuzwa?" Nikasema, "Afukuzwe kwa kosa gani?" Yale maneno yalitoka kinywani mwangu mwenyewe. Yalipofika masikioni nilitaka kuyarudisha, hayakurudi.

Akanieleza bila haraka. Ugonjwa unaitwa sikoseli, chembe za damu zinapinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa, ndiyo maumivu yale. Kila mtu ana mafungu mawili ya urithi wa damu, moja la baba, moja la mama. Mwenye fungu moja baya na moja zima anatembea, analima, anazeeka, hajui. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ni kura mpya: mmoja anaweza kuokota mafungu mabaya yote mawili akaugua, mwingine akaokota moja tu akaishi kama wao, mwingine asiokote baya hata moja. Ndiyo maana watoto wale wawili walikufa na dada yao akabaki. Ndiyo maana mke wa pili alizaa wazima: hakuwa na fungu lile, basi la mwanangu likakaa kimya. "Na mwanangu alilitoa wapi?" nikauliza, nami jibu ninalo. Akaweka kidole juu ya karatasi yenye damu yangu. "Kwako, bibi. Lakini hukutenda kosa. Na wewe ulipewa." Alisema hivyo kunifariji. Hakujua nilichokuwa nimekitenda. Yule mtoto wa binti yangu aliishi miaka michache, naye akatuacha.

Nilikata shauri la kwenda Nkome. Nilijiambia nitampigia magoti, kisha nitamrudisha hadi kwenye ukoo wetu na kusema mbele ya wazee wote walionisikia nikinyamaza. Mwaka ukapita, mguu unauma. Mwaka mwingine, pamba haijachumwa. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani kwa reki ya miti, mtoto mnene mgongoni, wengine wawili wanakimbiza kunguru. Watoto wazima, wa mume mwingine. Aliniona akaacha reki, akapiga goti kwenye mchanga. "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia salamu. Akanijazia kikapu dagaa, akakisukasuka washuke, akaongeza tena. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, asisikiwe na wenzake, "Anakula?" Nikasema, "Anakula." "Amekuwa mrefu?" Nikasema, "Kama wewe." Akacheka, mwanya ukaonekana, machozi yanateremka. Nami nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga njia nzima. Nikasema, "Dagaa ni wazuri. Jua ni kali." Nikapanda gari nikarudi. Nyumbani mjukuu wangu akala dagaa wale mpaka akalamba kidole, akauliza nimewatoa wapi. Nikamwambia mnadani.

Sasa nitamwambia nani? Aliyepaswa kusikia amefukiwa Nkome. Kiburi changu hakikunisaidia kitu, kilinilinda miaka yote nisione haya, na leo haya nimezipata zote kwa pamoja. Nakaa jikoni nalia kwa sauti, majirani wanadhani nina msiba wa ndugu. Na jingine: macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe ninachopikia, na juzi nilipopita kisimani niliwasikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba macho yangu ni ya mchawi. Hayo macho ni ya moshi. Lakini nawajua watu wetu, kwa sababu mimi ni mmojawapo. Tunaona kilicho nje, kidole, jicho, ngozi, kisha tunatafuta mtu wa kumbandika lawama. Ng'ombe tunamuuliza bibi yake na babu yake. Mkwe wetu tunamuuliza ulikuja na nini. Zizini sote ni wataalamu, uani sote ni vipofu.

Basi sikieni la kufanya, ninyi mlio hai. Kwanza, mtoto akifa na vidole vile msiende kwa mpasua kuku, nendeni hospitali wakatoboe vidole vya baba na vya mama, vyote viwili, na vya bibi aliyekaa pembeni amenyamaza. Pili, mkileta posa, kabla hamjasema habari ya ng'ombe, semeni habari ya damu. Kwangu mimi posa imeshaletwa, kwa ajili ya huyuhuyu mjukuu wangu mwenye mwanya. Nimewaambia wajumbe kwamba kijana wao atakwenda hospitali na mjukuu wangu atakwenda. Walicheka, mmoja akasema, "Bibi, kwani tunaoana au tunaugua?" Nikamwambia mwenye kucheka ndiye atakayechimba kaburi dogo. Akaacha kucheka. Na tatu, kama kuna mtu mliyemsingizia na yu hai, wekeni gazeti hili chini mwende leo. Mguu unaouma unatembea. Pamba itangoja.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini safu hii, kama wengi mnavyojua, huisahihisha mjukuu wangu huyo, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto wadogo. Yeye ndiye hurekebisha herufi zangu zilizolewa kabla sijawatumia wenye gazeti. Tangu utoto tulimwambia mama yake alikuwa na mkono mbaya, kwamba ndiye aliyewaua ndugu zake. Sikuwa na mdomo wa kumwambia vingine, basi nikampa karatasi hizi kama ninavyompa siku zote, nikajifanya napepeta mtama. Alisoma na kalamu nyekundu mkononi. Hakuandika kitu. Alipofika mahali fulani akauliza, bila kuinua kichwa, "Alisema hivyo kweli? Kiporo cha mtama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mpaka leo kinaniharisha, bibi. Nilikuwa nadhani ni mimi tu ninayelijua hilo." Akazikunja karatasi vizuri, akaniwekea mapajani. Akawashusha wale dagaa kutoka uchanjani, akawafunga ndani ya kanga, akatoka. Nilimuuliza anakwenda wapi, naye alikuwa ameshafika barabara ya magari yaendayo ziwani. Hajarudi, wala sijui kama atarudi. Kwa hiyo leo safu hii inawafikia bila kusahihishwa. Makosa yote mnayoyaona humu ni yangu.