Nani Apite Mbele Chemchemini

Enzi zetu hesabu ilikuwa na harufu. Ilinuka mkaa wa betri za redio zilizokufa. Kila Ijumaa mchana tulizipasua kwa jiwe, tukautwanga ule mkaa pamoja na majani ya matembele, kisha tukaupaka ubao wa darasa mpaka ukawa mweusi tena. Mikono yetu ilibaki myeusi hadi Jumapili, na kanisani mama zetu waliificha chini ya vitenge vyao. Mliosoma Bunia miaka ile, kabla vita haijatutawanya, mnaijua harufu ninayoisema. Watoto wa leo nikiwahadithia wananitazama kana kwamba nimesema tulikuwa tunakula ubao wenyewe.

Asubuhi, kabla ya jambo lolote, Mwalimu Faustin alitupa hesabu ya haraka. Aliisema kwa Kifaransa, maana tangu darasa la tatu Kiswahili kilibaki nje ya mlango pamoja na viatu vya matope. Sisi, tukiwa tumesimama, tuliandika jibu kwenye ardwazi, kile kibao kidogo ambacho kila mtoto alikuwa nacho, tukakificha kifuani. Mwalimu akigonga meza kwa rula, ardwazi zote zinapanda juu kwa pamoja. Hapo hapakuwa na pa kujificha. Alipitisha macho safu kwa safu, na aliyekosa alijijua mwenyewe akabaki amesimama.

Mimi nilisimama sana. Kujumlisha nilijua, kuzidisha nilijua, jedwali la saba nililiimba hata nikiosha masufuria. Shida ilianza vitu hivyo vilipochanganywa. Mwalimu akisema, "Deux plus trois fois quatre," yaani mbili jumlisha tatu mara nne, mimi naandika ishirini kwa furaha kabisa, kisha naona ardwazi za wenzangu zimejaa kumi na nne. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeshaurudia mwaka wa tano, na baba yangu, mtu asiyependa kurudia neno, alikuwa ameniambia mara moja tu: "Kama unarudilia tena kilasi, utaenda Mambasa kwa shangazi yako, utamulelea watoto. Masomo itaisha." Mambasa sikuwa na ugomvi nayo, wala shangazi. Lakini niliogopa kuacha shule kuliko nilivyoogopa nyoka, na usiku nilijibana mgongoni kwa Tate, mama yake baba, niliyelala naye kitanda kimoja, nikimwomba aniombee.

Nataka mnielewe, sikuwa mjinga. Nilikuwa na sheria yangu, na sheria hiyo niliitoa chemchemini. Pale Mudzi-Pela, mtaa wetu, tulichota maji bondeni, kwenye bomba moja lililotoka mwambani, na bidoni, madumu yetu ya maji, zilipangwa mstari mrefu hadi kwenye mihogo ya watu. Bidoni ilikuwa mtu. Ukiiweka kwenye mstari unaweza kwenda kucheza nzango na wenzako, kuruka na kupiga miguu mpaka vumbi jekundu likupande magotini, na hakuna atakayegusa nafasi yako. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuchota. Nilikuwa nimegombana hata na wasichana wakubwa kwa ajili ya sheria hiyo, nikarudi nyumbani na shati limechanika, na Mama akanipokea kwa maneno yake ya kila siku: "Furaha, mayi haiwezi kukimbia."

Basi fikirieni mtoto wa namna hiyo anaambiwa kwamba alama ya kuzidisha, iliyofika nyuma, inapita mbele ya kujumlisha iliyofika zamani. Mimi niliona msichana mkubwa anasukuma bidoni yake. Siku moja nilijikaza nikauliza, kwa Kiswahili maana Kifaransa kilinishinda, "Mwalimu, juu ya nini fois inapita mbele, na ilifika kiisha?" Darasa likacheka. Mwalimu Faustin hakuwa mtu mbaya, ila alichoka mapema. "Ni priorité," akasema, yaani ina haki ya kutangulia. "Njo vile ilikuwa, na njo vile itabakia." Nikakaa, na ishirini yangu ikakaa na mimi.

Tate alifariki katika muhula wa mwisho, mitihani ikiwa karibu. Niliamka asubuhi nikamkuta amenyamaza, mkono wake ungali juu ya shuka langu. Sikulia. Watu wazima walinishangaa, lakini kilio kilikataa kuja. Kufikia adhuhuri uani palikuwa pamejaa watu, wanaume wametandika mikeka kuzunguka moto, wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, wengine wamefika kutoka Marabo na watoto mgongoni. Maji yakaisha. Mama akanipa bidoni bila kunitazama usoni.

Mstari wa siku ile ulifika kwenye mihogo na kupita. Nikaweka bidoni yangu mwisho kabisa, kama sheria inavyotaka, nikasimama kando yake. Nzango sikuitaka. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Odette, jirani yetu aliyeuza mikate, mwanamke ambaye akinong'ona mtaa mzima unasikia. Yeye ndiye aliyekuwa mbele siku hiyo.

"Weye Furaha, unafanya nini kule nyuma? Kwenu kuko matanga. Leta bidoni hapa."

Mkono wa mtu ukanisukuma taratibu mgongoni, nikaanza kupita kando ya mstari. Hakuna aliyenung'unika. Hata yule msichana aliyenichania shati aliisogeza bidoni yake kwa mguu ili nisijikwae. Mbele kabisa, Mama Odette alikuwa amempisha mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni, na bidoni yake ilikuwa imeshawekwa chini ya bomba. Huyo mama kijana aliniona, akaiondoa bidoni yake. "Pita, mama," akaniambia, mimi mtoto wa kunyweshwa uji.

Msichana mmoja mgeni akauliza, "Huyu anafika sasa hivi, juu ya nini anapita?"

Mama Odette akamjibu bila ukali. "Kwenye kuko matanga njo inaanza. Kiisha muzazi mwenye mutoto muchanga. Kiisha siye wengine, vile tulikuya."

"Na kama wazazi ni wawili?"

"Ule alitangulia kufika."

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Nililia mbele ya watu wote, maji yakijaza bidoni na kumwagika juu ya miguu yangu, kwa sababu nilielewa kwamba wamenipisha kwa kuwa Tate hayupo. Siku zote nilidhani kupita mbele ni bahati. Mara ngapi nilikuwa nimeona wazazi wakipishwa pale, nikafikiri ni huruma ya Mama Odette tu. Kumbe ilikuwa sheria, tena kubwa kuliko ile niliyoipigania, na watu waliokuwa wakingoja hawakuona wamedharauliwa. Walijua zamu yao itafika.

Yule mama kijana alipogeuka nikamwona mtoto wake amefungwa kwa kitenge mgongoni. Akili ya mtoto ina njia zake. Katikati ya kilio changu nikaikumbuka ile tatu na nne. Tatu mara nne ni mama na mtoto waliofungwa kitenge kimoja. Huwezi kumwita mama aende kwa mbili na kumwacha mtoto nyuma. Lazima wahudumiwe pamoja kwanza, kisha mbili inapewa chake. Na zile parenthèses, yale mabano mawili yaliyonitisha, ni uzio wa nyumba yenye matanga. Humo ndani ndimo hesabu inamoanzia, hata kama ni kujumlisha tu kunakoishi humo.

Tulipomaliza matanga nilirudi shuleni. Mwalimu aligonga rula, nikapandisha ardwazi yangu, na macho yake yakanipita, yakarudi, kisha yakapita tena. Nilikaa pamoja na wengine. Siku ya proklamasyo, majina ya waliofaulu yaliposomwa mbele ya wazazi wote uwanjani, Baba alisimama nyuma kabisa chini ya jua, kofia mkononi. Jina langu lilisomwa. Tulitembea hadi karibu na nyumbani, ndipo akasema, "Basi, Mambasa itangoja." Kisha akafuta macho kwa kofia, akasingizia vumbi.

Sasa nami naitwa Tate. Mjukuu wangu Exaucé anasoma mwaka wa tano, na juzi nilimpa ile ile, mbili jumlisha tatu mara nne. Vidole vyake vilikimbia kwenye simu ya mama yake kabla sijafunga mdomo. Kumi na nne. Nikamuuliza juu ya nini si ishirini. "Simu inajua, Tate," akaniambia, kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. Ni kweli inajua, na haijawahi kubaki imesimama darasani, maskini.

Chemchemi ya Mudzi-Pela watu wameiacha. Waliopanga bidoni pamoja nami, mmoja anauza nguo Ariwara, wengine sijui waliko. Sisi tumechimba kisima, tuna robine, bomba letu wenyewe, uani, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, maana shingo yangu ingali inazikumbuka zile bidoni.

Mwaka jana Mama alifariki. Rambirambi zilikuja nyingi kwenye simu, zingine na picha za mishumaa. Wageni walipoanza kufika nikachukua ndoo, nikaenda kwenye robine, nikafungua. Maji yakatoka papo hapo. Hapakuwa na mtu mbele yangu wala nyuma. Nikasimama pale, mwanamke mwenye wajukuu, ndoo ikijaa na kumwagika, nikingoja mtu aniite nipite mbele.