Saa Tisa ya Kinshasa

Kutoka Kinshasa mpaka kiwanja chetu cha Kavumu, nje ya Bukavu, ndege inachukua masaa mawili na kitu. Waliosoma wanaongeza na kilomita. Mimi kilomita za angani sizipimi, hakuna mutu anayezitembea. Zamani nilileta mawese toka Bunyakiri kuuza soko la Nyawera, na mvua ikinyesha barabara ilinikula siku mbili. Ile ndiyo mbali. Shule niliiacha darasa la tatu, nyumba nikaijenga na hayo mawese.

Mwaka ule muke wangu alipaswa kupasuliwa tumbo, mu hospitali moja ya Ibanda. Dokta akamupangia asubuhi ya siku inayofuata. Yeye akakataa kuingia kama hajamuona mutoto wetu wa kwanza, anayeishi Kinshasa tangu ujana. Aliogopa kufa bila kumuona, lakini neno kufa hakulitaja. Alisema tu tumbo limevumilia miezi, litavumilia na nusu siku.

Nikamupigia mutoto simu. Akanijibu tiketi anayo, kesho atashuka Kavumu saa tisa.

Saa tisa kwetu ni muchana, jua limeanza kushuka. Nikaenda kumuomba dokta asogeze. Akaniambia, bila ukali, kwamba muchana chumba cha kupasulia kiko na wengine, muke wangu akikosa asubuhi atangoja juma lingine, na tumbo lile halina juma la kungoja. Nikarudi nikamuelezea vilevile, sikutia sukari. Akageukia ukuta.

"Munipeleke," akasema. "Akifika, mumuambie nilimungoja."

Wakamuingiza. Nikakaa kwenye benchi. Haikupita muda mrefu, mutoto huyo hapo mulangoni, begi mugongoni, vumbi ya pikipiki mpaka kwenye kope, anauliza sababu gani hakuna aliyekuja kumupokea.

"Ulisema saa tisa," nikamuambia.

"Ndiyo, papa. Neuf heures."

"Neuf heures ni saa tatu ya asubuhi."

"Kule kwetu neuf ni tisa."

"Kule kwenu wapi? Wewe ulizaliwa hapa Bukavu."

Kinshasa ilimuzoeza kuhesabu saa kwa Kifaransa, kisha anaitamka kwa Kiswahili hivyohivyo. Akaanza kunielezea ile saa moja Kinshasa iko nyuma yetu, na muda wa angani, na muda wa kungoja begi. Nikamuambia akae, mama yake iko chini ya kisu. Akakaa.

Walimutoa muzima. Usingizi wa dawa ukamushika mpaka saa tisa ya kwetu, jua lilipolalia upande. Alipofungua macho akamuona mutoto wake karibu na kitanda, akamushika kidole.

"Umefika na saa yako kabisa," akasema.

Mutoto akaniangalia. Nikatikisa kichwa, akamujibu, ndiyo, mama.

Mpaka leo muke wangu anaamini ndege ya Kinshasa inafika muchana, na mutu akienda kupokea mugeni Kavumu, anamushauri ale kwanza.