Fundi Nurudini na Namba Iliyoandikwa Ubaoni

Saa tatu asubuhi, Kasulu mjini. Fundi Nurudini amesimama nje ya nyumba ya Mwanaamina, muuza vitenge, na hodi haimtoki. Nyumba hii alizoea kuiingia huku akidai chai.

"Pita, fundi. Tangu lini ukangoja nje?" Mwanaamina anamwita.

Nurudini, mkazi wa Heru Juu, hufunga intaneti majumbani, Kasulu hadi Kibondo. Nyumba moja humpa shilingi elfu ishirini na tano. Wiki nyingine haipati hata hiyo moja. Mwezi uliopita binti wa hapa, Firdausi, alimwita atengeneze ruta, kile kisanduku cha intaneti, ili rafiki zake wa Kibondo waingie kwenye kompyuta yake, wacheze gemu pamoja.

Kazi ilihitaji kufungua njia moja tu, ya gemu. Nurudini akafungua na ya pili, yake mwenyewe, ili intaneti ikigoma airekebishe akiwa kwake, asigharimike bodaboda. Nenosiri akaweka namba yake ya simu, kama afanyavyo kwa kila mteja. Kamera ya ulinzi ya sebuleni, yenye spika, nayo akaipa hiyo hiyo. Na namba yenyewe ameipaka rangi nyekundu kwenye ubao wa kibanda chake, kila apitaye anaisoma!

"Nilijiona mjanja," anamwambia Mwanaamina, macho chini. "Mteja akisahau, anasoma ubao. Astaghfirullah."

Wiki iliyopita Mwanaamina alikuwa sebuleni, kichwa wazi, anachana nywele. Kamera ikaongea. Sauti ya mwanamume asiyemjua ikacheka: "Mama, kumbe una mvi!" Akajifunika kitambaa cha meza.

Aliyeingia hajajulikana mpaka leo. Firdausi alipompigia simu, Nurudini alijua papo hapo kosa ni la nani. Angeweza kuusingizia mtandao, na nani angembishia? Alimweleza mkewe Zuhra, naye akamwambia: "Mficha uchi hazai. Nenda ukaseme."

Leo amesema yote. Mwanaamina hamfokei, na hilo ndilo linalomchoma zaidi.

"Kwa hiyo ufunguo wa nyumba yangu uliutundika barabarani, Nurudini?"

"Ndiyo, Mama Firdausi. Nimekosa. Naona aibu hata kukutazama."

"Haya, funga."

Anaifunga njia yake, anaiacha ya gemu. Firdausi anaandika nenosiri jipya, fundi amegeukia ukutani. Kisha fundi anaing'oa kamera kabisa. Malipo hataki. Kesho ataanza kuwazungukia wateja wengine, kisha aende Kibondo, na kila nyumba ataeleza kosa lake kwa mdomo wake. Wakimfukuza, na wamfukuze.

"Tayari, Mama Firdausi. Hakuna anayeona humu ndani tena."

Mwanaamina anaitikia, huku akiuvuta ushungi mbele na kuubana kidevuni. Firdausi anamnong'oneza fundi kwamba mama yake hauvui siku hizi hata wakiwa wawili tu, analala nao.

Nje, Nurudini anabeba begi lake la vifaa, lakini haondoki.

"Natamani Firdausi anipigie siku moja, aniambie mama amekaa kichwa wazi sebuleni kwake," anajisemea. "Hapo ndipo nitasema kazi ya nyumba hii nimeimaliza."