Mkono wa Chuma na Mgongo Wangu

Niungame mapema: siku ya kwanza nilipopewa mkono wa mashine kwenye shantie yetu ya ujenzi, Shituru, niliusaidia kazi. Koleo zake zilikuwa zimeshika bloku ya sementi, moja ya zile kubwa ambazo watu wawili huzibeba huku wakilaani. Nami, kwa mazoea ya ufundi wa miaka yote, nikakunja magoti, nikakaza tumbo, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kumbe mkono ulikuwa umeshachukua uzito wote. Bloku ikapaa juu ya kichwa changu, nikabaki nimening'inia kwenye mshikio, kofia chini.

"Papa!" fundi mwenzangu akapiga kelele. "Tunajenga depo, hatuendi mbinguni!"

Shantie nzima ikacheka. Shefu, msimamizi wetu, peke yake hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ameniambia kwamba mgongo wangu umekwisha, na nikishindwa kuizoea mashine hadi Jumamosi, nitakwenda kulinda geti.

Mimi ni mtu wa kukaa, mke wangu atawaambia. Jumapili hata sokoni Kikula hanitoi. Lakini ninakaa kwangu, kwenye kiti changu. Kukaa getini nikiangalia wengine wakipandisha ukuta? Hapana.

Kesho yake nikavunja bloku mbili. Jioni mke wangu akanikuta sebuleni nikiusukuma mlango kwa vidole viwili, polepole, kwenda na kurudi.

"Mulango imekukosea nini?"

"Ninajifunza kuacha nguvu."

"Weye? Nguvu gani?"

Nikaendelea na mlango wangu.

Alhamisi vidole vikaelewa. Nikaigusa bloku tu, ikanifuata. Nikaipeleka hadi kwenye uzi wa kunyooshea ukuta, ikashuka juu ya sementi mbichi bila kuimwaga. Mashine inabeba, sikatai. Ila haijui uzi uko wapi, wala haioni kona inayoanza kulala. Hayo ni ya macho yangu, na macho yangu hayajawahi kuumwa.

Jumamosi kona ilikuwa imenipita kimo. Shefu akaweka nivo, pimamaji yake, upande huu, akaweka upande ule, akachuchumaa, akarudia. Kisha akanionyesha ukuta wa pili: "Jumatatu uanze ule." Fundi mwenzangu, yule wa mbinguni, akaja kuomba nimfundishe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, wima kama nguzo ya umeme. Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, alikuwa anamwagilia lengalenga, mchicha wake. Nikamsimulia wiki nzima, bila kuruka hata bloku moja, nikainama na kuinuka mara tatu ili aone mgongo unavyokwenda. Akanisikiliza hadi mwisho, akaweka ndoo chini.

"Muzuri, papa. Kama mugongo iko muzima, beba mwiko yako, ukuje utengeneze ukuta ya lupango, hii ya katikati yetu. Mbuzi yako inakulaka lengalenga yangu kutoka mwaka jana, na weye kila siku unaniambia mugongo."